Jinsi ya Kukagua na Kutunza Chombo cha Maua cha Kauri ya Kichina Chenye Nakshi za Enameli

Katika nyumba za zamani za Mikindani, Lindi mjini na Kilwa Kivinje bado yapo makabati ya vioo na zidaka za ukutani zenye vyombo vya kauri ambavyo wenyewe husema kwa ufupi kwamba ni vya bibi. Miongoni mwake, mara chache kuliko sahani na bakuli, hupatikana chombo cha maua kirefu, chenye mabega na shingo, kilichochorwa maua ya botani (peoni), vipepeo na matawi, na ukipitisha kidole juu yake unahisi kwamba rangi zimeinuka kidogo kutoka kwenye uso mweupe. Mwongozo huu ni kwa mtu aliyerithi chombo cha namna hiyo, au anayetaka kukinunua, na ambaye angependa kujua ni cha zama gani kabla hajakisugua, hajakitia gundi wala hajakitajia bei. Ushauri wake mkuu ni mmoja: alama iliyoandikwa chini ya kitako isomwe mwisho, baada ya udongo, gilezi, rangi na mchoro kusomwa, kwa sababu katika kauri ya Kichina hakuna kitu kilichoigwa kwa wingi kuliko alama.

Namna chombo kilivyotengenezwa

Ukaguzi wote unategemea kuelewa kwamba chombo cha enameli huchomwa mara mbili au zaidi. Vingi vya vyombo hivi vilitoka Jingdezhen, mji wa wafinyanzi katika jimbo la Jiangxi, ambako udongo mweupe wa kaolini ulichanganywa na jiwe lililosagwa, kisha chombo kikapakwa gilezi, yaani utando wa kioo, na kuchomwa katika joto la karibu nyuzi 1,300 za Selsiasi. Hapo kauri ilikuwa tayari, ngumu na nyeupe. Ndipo mchoraji alipochukua rangi za enameli, ambazo kimsingi ni kioo laini chenye risasi kilichosagwa pamoja na madini ya kutia rangi, akachora maua juu ya gilezi, na chombo kikarudishwa katika tanuri dogo lenye joto la chini sana kuliko la kwanza, takriban nyuzi 700 hadi 850. Kwa hiyo enameli imekaa juu, haikuingia ndani. Huinuka, huhisiwa kwa kidole, hukwaruzika, hubanduka, na huharibiwa na asidi, ilhali rangi ya buluu iliyochorwa chini ya gilezi hubaki laini na salama kwa karne nyingi. Anayelifahamu jambo hili hatashangaa kuona chombo ambacho buluu yake ni nzima lakini kijani chake kimebanduka vipandevipande.

Umri unaowezekana katika ukanda wetu

Hapa Kusini watu wamezoea kuifungamanisha kauri yoyote ya Kichina na Kilwa, na wana sababu nzuri, kwa kuwa magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, yametoa vigae vingi vya Kichina. Lakini vigae hivyo kwa sehemu kubwa ni vya kauri ya kijani iliyofifia na vya buluu na nyeupe. Maua ya waridi yenye vivuli laini hayakuwapo duniani wakati Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, wala Wareno walipoushambulia mji huo mwaka 1505, kwa sababu rangi ile ya waridi ilianza kutumika kwenye kauri ya China katika miaka ya 1720. Mtu akikuonyesha chombo cha botani za waridi na kukuambia kuwa kilikuwa cha masultani wa Kilwa, mshukuru kwa hadithi na uendelee na ukaguzi.

Chombo cha enameli kilichopo katika nyumba ya Lindi au Mtwara kina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa cha karne ya 19 au ya 20. Bidhaa za karne ya 19 zilifika kwa majahazi kupitia Unguja na Kilwa Kivinje, na pamoja nazo zilikuja sahani na bakuli za Ulaya, zikiwamo zile za kiwanda cha Petrus Regout cha Maastricht, Uholanzi, ambazo hadi leo huitwa za Kichina na watu wasiogeuza kitako. Kisha likaja wimbi jingine: wakati reli ya TAZARA ilipokuwa ikijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa fedha zilizotokana na kuuza bidhaa za Kichina nchini, hivyo maduka yetu yakajaa vitu kutoka China. Kwa maoni yangu, chombo chenye maua mazuri yaliyolingana mno, kisicho na mkwaruzo, kianze kushukiwa kuwa cha wimbi hili au la baada yake mpaka kitakapothibitisha vinginevyo.

Kabla ya kugusa chochote, zungumza na mwenye chombo. Swali la «Shikamoo bibi, hiki kililetwa na nani, na kabla ya hapo kilikaa nyumba gani?» huzaa majibu mengi kuliko swali la mwaka, kwa kuwa wazee wetu huhesabu kwa matukio. Anayekumbuka kwamba chombo kilikuwapo kabatini wakati wa mradi wa karanga wa Nachingwea, ambao ulianza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951, amekupa ushahidi ambao lenzi haiwezi kuutoa. Yaandike maneno yake daftarini kama alivyoyasema, pamoja na tarehe ya mazungumzo, wala usiyanyooshe.

Ukaguzi wenyewe

Tandika blanketi, au kanga iliyokunjwa mara kadhaa, juu ya meza isiyoyumba karibu na dirisha, asubuhi, wakati mwanga ni mwingi na jua halijawa kali. Vua pete, bangili na saa. Shika chombo kwa mikono miwili, mmoja tumboni na mwingine chini ya kitako. Usikiinue kwa shingo wala kwa masikio, kwa kuwa hapo ndipo marekebisho ya zamani hujificha na ndipo gundi huachia. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: tochi ndogo, lenzi ya kukuza mara 10 kama ile ya masonara, rula, na ikiwezekana ile taa ya mwanga wa zambarau ambayo wenye maduka huitumia kukagua noti.

Kigeuze na uanze na pete ya kitako, ule ukingo usio na gilezi ambao chombo husimamia. Hapo udongo uko uchi. Kauri nzuri huonekana nyeupe, iliyoshikana, bila chembechembe za mchanga, na mara nyingi pale gilezi inapoishia huwa na mstari mwembamba wa rangi ya kutu uliotokana na chuma kilichomo katika udongo. Wanaotengeneza vyombo feki wanaujua mstari huo na huupaka kwa chai au dawa ya viatu. Tofauti ni kwamba mstari wa tanuri hufuata ukingo wa gilezi na hauondoki, ilhali ule wa kupakwa husambaa ovyo, huingia katika mikwaruzo na hutoka kwenye pamba yenye maji. Chombo kilichosimama kabatini kwa miaka 100 kinatarajiwa pia kuwa na kitako kilicholainishwa na kusogezwa, chenye uchafu mkavu uliojikita ndani ya vijitundu.

Ingiza mkono ndani kama mdomo unaruhusu, la sivyo mulika kwa tochi. Vyombo virefu vya Kichina vilifinyangwa kwa vipande vilivyounganishwa, na kiungo chake mara nyingi huhisiwa kama tuta jembamba linalozunguka tumbo kwa ndani. Chombo cha kisasa kilichomiminwa katika umbo la plasta huwa na unene uleule kila mahali, na wakati mwingine huacha mstari wa wima pale nusu mbili za umbo zilipokutana. Baada ya hapo kigonge kwa upole kwa kifundo cha kidole: sauti inayovuma ni dalili ya uzima, na sauti iliyokufa ni dalili ya ufa au ya gundi. Ufa mwembamba mara nyingi huonekana vizuri zaidi kwa kumulika ndani na kutazama nje, chumba kikiwa na giza.

Sasa zitazame rangi, na hapa usiwe na haraka, kwa sababu enameli ndiyo yenye maelezo mengi kuliko sehemu nyingine yoyote.

Katika vyombo vya enzi ya mfalme Kangxi, aliyetawala kuanzia 1662 hadi 1722, kijani ndicho kilichotawala. Kijani hiki hutokana na shaba na ni angavu, hivyo kwa lenzi utaona mistari myeusi ya majani ikipita chini yake na kuonekana kupitia rangi. Pamoja nacho kuna njano, zambarau ya manganizi, nyekundu ya chuma iliyo nyembamba na isiyoinuka sana, na buluu iliyopakwa juu ya gilezi. Hii buluu ni ya kuiangalia kwa makini: katika vyombo vya rangi nyingi vya nasaba ya Ming, iliyotangulia, buluu ilichorwa chini ya gilezi kabla ya uchomaji wa kwanza, lakini chini ya Kangxi mafundi walipata buluu ya kupaka juu pamoja na rangi nyingine. Ukiinamisha chombo dhidi ya mwanga, kuzunguka kijani na buluu za zamani mara nyingi utaona kivuli chenye mng'ao wa rangi za upinde wa mvua juu ya gilezi nyeupe. Kivuli hicho ni dalili nzuri, ingawa peke yake hakitoshi.

Waridi ni habari nyingine. Rangi hii hutokana na dhahabu iliyosagika katika chembe ndogo mno ndani ya kioo, utaalamu uliojulikana Ulaya katika karne ya 17 na kufika katika karakana za mfalme wa China kwa msaada wa wamisionari wa Kijesuti. Ilikwenda pamoja na rangi nyeupe nzito, yenye madini ya arseniki, ambayo mchoraji aliweza kuichanganya na rangi nyingine ili kupata kivuli. Ndiyo maana petali ya botani ya enzi za Yongzheng, 1723 hadi 1735, na Qianlong, 1736 hadi 1795, huanza na waridi iliyokolea kwenye shina lake na kufifia taratibu hadi kuwa karibu nyeupe ukingoni. Weka lenzi juu ya petali moja tu na uitazame kwa dakika nzima. Kazi ya mkono huonyesha njia ya brashi: mahali rangi ilipowekwa nene, mahali brashi ilipoinuliwa na mstari kuchongoka, mahali waridi ilipopita mpaka wake kidogo. Kisha tazama ua jingine la aina ileile upande wa pili. Likiwa sawa kabisa na la kwanza, hata katika kasoro zake, au ukiona vinukta vidogo vilivyopangwa kwa safu kama katika picha ya gazeti, mchoro huo ulichapwa na kubandikwa, na ukaguzi unaweza kuishia hapo.

Uchakavu nao husomwa. Dhahabu ya mdomoni hufutika kwanza, kisha sehemu ya tumbo iliyotokeza ambayo mikono na vitambaa huigusa, huku mabonde ya chini ya mabega yakibaki na mng'ao wake. Mikwaruzo ya kweli huenda pande zote na hutofautiana kina. Chombo kilichofifia sawasawa kila mahali, hadi ndani ya mapindo ambako hakuna kitambaa kinachofika, huenda kimeoshwa kwa asidi ili kionekane kizee. Mwisho mulika kwa taa ya noti gizani, kwa kuwa rangi na gundi za marekebisho ya kisasa mara nyingi hung'aa tofauti na kauri inayozizunguka, na doa la namna hiyo shingoni linamaanisha kwamba shingo iliwahi kuvunjika.

Maua yenyewe hayatoi tarehe, kwa sababu yalichorwa bila kukoma. Botani ni ya mali na heshima na huhesabiwa kuwa ua la majira ya kuchipua, yungiyungi ni la kiangazi, krisanthemamu la vuli, maua ya mplamu ni ya majira ya baridi, na yote manne yakiwa pamoja chombo kinazungumzia mwaka mzima. Popo wekundu kati ya matawi ni dua ya neema. Ni elimu tamu, lakini isikupe bei.

Alama ya chini

Alama ya kawaida ina herufi sita za Kichina katika safu mbili za wima, zinazosomwa kutoka juu kwenda chini, kuanzia safu ya kulia: nasaba, jina la utawala, kisha maneno ya kueleza kwamba kilitengenezwa katika enzi hiyo. Tatizo ni kwamba wafinyanzi wa China waliandika majina ya wafalme waliokufa zamani, mara nyingi kwa heshima tu. Vyombo vingi vya enzi ya Guangxu, 1875 hadi 1908, vina alama ya Kangxi, na vile vya Kangxi mwenyewe huwa na alama ya Chenghua wa nasaba ya Ming, au duara mbili tupu, kwa kuwa mwaka 1677 ilitolewa amri ya kukataza jina la mfalme lisiandikwe kwenye kauri. Kwa hiyo alama hueleza kwamba chombo si cha kabla ya enzi iliyotajwa, basi.

Maandishi ya kilatini yana faida zaidi. Sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka, hivyo chombo chenye neno «CHINA» kwa kawaida ni cha mwaka 1891 au baadaye. Kukosekana kwa neno hilo hakuthibitishi lolote kwetu, kwani chombo kilichokuja kwa jahazi hakikuwa kikienda New York. Herufi za Kichina zilizorahisishwa, zilizoanza kutumika rasmi mwaka 1956, hukipeleka chombo katika nusu ya pili ya karne ya 20.

Nilionyeshwa Mikindani chombo chenye muhuri mwekundu wa Qianlong, na mwenyewe alikuwa ameshaambiwa kuwa ni cha thamani ya nyumba mbili. Petali zilikuwa za mkono, nzuri, zenye waridi iliyofifishwa vizuri. Lakini udongo wa kitako ulikuwa na weupe wa chaki, kipepeo mmoja alijirudia mara nne kwa ukubwa uleule, na chini ya vumbi, pembeni ya muhuri, kulikuwa na mabaki ya neno «CHINA» lililopigwa kwa wino mwekundu. Ni chombo cha karne ya 20, cha kupendeza, na kinastahili kubaki pale kilipo.

Kukiosha na kukihifadhi

Usitumie majivu, mchanga, makumbi ya nazi, sabuni ya unga wala dawa ya kung'arishia. Limau, siki na ukwaju, ambavyo hung'arisha shaba, hula enameli kwa sababu asidi huyeyusha risasi iliyomo. Kwa sababu hiyohiyo chombo hiki kisitumiwe kuwekea maji ya kunywa wala juisi. Kama hakina dhahabu, ufa wala dalili ya kuunganishwa, kioshe katika beseni la plastiki lililotandikwa taulo, kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni laini, ukikisugua kwa pamba, kisha kiache kikauke kivulini. Kama kina mojawapo ya hayo, pamba yenye unyevu kidogo inatosha, tena pasipo kugusa dhahabu. Vibanio vya chuma vya mafundi wa zamani visitolewe, maana ni sehemu ya historia yake na huenda ndivyo vinavyokishikilia.

Kikivunjika, usikimbilie gundi ya dukani inayoshika mara moja. Gundi hiyo hugeuka njano, huongeza unene katika kila kiungo na ni shida kuiondoa. Kusanya vipande vyote, hata vumbi kubwa, funga kila kimoja peke yake kwa karatasi laini na uviweke katika boksi moja hadi apatikane mhifadhi wa makumbusho.

Upepo wa kusi hupindua vyombo virefu vilivyowekwa mbele ya madirisha, na juu ya friji mtetemo hukisogeza chombo polepole hadi ukingoni. Kidaka kikavu au kabati lenye mlango ni bora. Ili kisiyumbe, tia ndani mfuko wa kitambaa wenye mchanga safi mkavu. Mchanga wa ufukweni una chumvi, kwa hiyo uoshe kwa maji baridi mara kadhaa na uukaushe kabla ya kuutumia.

Ukitaka kukiuza

Dalali anayekuja mlangoni na fedha mkononi kabla chombo hakijakaguliwa ni mtu wa kangomba, yaani kama wale wanaonunua korosho kwa bei ya kutupa nje ya utaratibu rasmi, na mkulima wa korosho hahitaji kuelezwa nani hupata faida hapo. Piga picha katika mwanga wa mchana: pande nne, mdomo, ndani, kitako kizima na alama kwa karibu, rula ikiwa kando, na kila kasoro ionekane. Zipeleke kwa wakadiriaji zaidi ya mmoja, ukijua kuwa picha ina mipaka. Oktoba 2022, huko Fontainebleau, Ufaransa, chombo cha buluu na nyeupe kilichokadiriwa kuwa cha karne ya 20 na chenye thamani ya euro 2,000 kilipigiwa mnada hadi euro milioni 7.7, na mkadiriaji akaendelea kushikilia kwamba si cha kale. Wanunuzi nao walikuwa wamekikagua wenyewe. Kwa kujizoeza macho, Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yana kauri za kweli za Kichina zilizotoka Kilwa. Zitazame kwa utulivu kabla ya kuamini picha za mtandaoni.

Mali ya urithi ni tofauti na kitu kilichotoka ardhini. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu mtu kuchimba bila leseni, na kigae kilicholala ufukweni Kilwa Kisiwani au Songo Mnara kiachwe palepale, kwa kuwa mtafiti hukisoma kwa kuangalia mahali kilipo. Kwa chombo kinachotakiwa kutoka nje ya nchi, ulizia kibali kwa maofisa wa Mambo ya Kale kabla ya kupatana na mnunuzi wa ng'ambo.

Kikilazimika kusafiri kwa basi kwenda Dar es Salaam, kijaze ndani karatasi laini bila kusukuma, kizungushie tabaka kadhaa za kitambaa, kiweke katika boksi, na boksi hilo liingie katika jingine kubwa zaidi lenye sponji pande zote. Kisilazwe, kisimame. Lipia kiti cha pili kama unaweza, ukipakate boksi au ulifunge kitini kwa kanga, na kondakta akisisitiza liende kwenye buti, shuka usubiri basi jingine.